Verlie Kinnear na Wale Wanaokula Mwanga

Wasikilizaji wapendwa, leo sikuweka muziki wa kufungulia. Nimeuzima kwa makusudi. Ni mimi Laurie Penhale, hapa redio ya Brannock, na muda huu wote nitamzungumzia mtu mmoja. Verlie Kinnear, ambaye wengi wetu tulimwita Shangazi Verlie, alifariki Alhamisi iliyopita. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Nasema tena kwa wale wanaofungua redio sasa hivi: Verlie Kinnear, miaka sabini na moja, mpishi, mtembeza wageni, na pengine mtu pekee katika mji huu aliyejua kinachoendelea ndani ya ghuba yetu.

Nitajitahidi kusema polepole. Mkisikia sauti inapanda, mnisamehe. Au msinisamehe, ni juu yenu.

Shangazi Verlie alizaliwa kwenye shamba la kondoo kusini mwa hapa. Baba yake alikuwa mkata manyoya na mjenga nyua za kondoo. Watu wa mama yake ni wa pwani hii tangu kabla mtu yeyote hajaichora kwenye ramani. Alilelewa na bibi yake, na bibi yule alikuwa na amri moja kuhusu ghuba. Maji yakipwa, watoto waende watakako, wacheze watakavyo, ila wasikanyage yale mawe meusi ya mviringo, wala lile zulia laini linaloyazunguka.

Kisa hicho alinisimulia hapa hapa, kwenye kiti kilicho mbele yangu. Alisema hivi: "Nilimuuliza bibi, kwani hapo ni mahali patakatifu? Akanitazama kama mtu anayetazama kondoo aliyenasa kwenye ua. Akaniambia, 'Patakatifu nini, wewe? Wanakula. Wewe ukiwa mezani unakula, mtu akupande mgongoni, utafurahi?'"

Basi siku hiyo mtoto Verlie akachuchumaa ukingoni, saa sita mchana, jua liko utosini. Maji yalifika kwenye goti tu. Akaona vipovu. Vidogo kama vichwa vya pini, vinatoka kwenye mawe, vinapanda. Wingu likapita, vipovu vikapungua. Wingu likaondoka, vikarudi. Alikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, hakukanyaga zulia lile mpaka anakufa. Hata mara moja. Hilo likumbukeni, kwa sababu kuna siku tulimtaka alikanyage.

Alipokuwa na miaka ishirini na tisa, wasomi kutoka mjini walijenga kambi yao kwenye shamba lile la zamani. Walikuja kuchunguza mawe. Verlie akaajiriwa kuwa mpishi. Alipika pale miaka kumi na tisa. Mchuzi wa kondoo, mkate, chai nyeusi ya kutosha kuogesha farasi. Kiongozi wa kambi alikuwa Dakta Ruthven, kijana wakati ule, mrefu, mwenye shingo iliyobabuka na jua. Jina hilo nalitaja kwa sababu analisikia. Najua anasikiliza, amenipigia simu jana.

Siku moja Ruthven aliingia jikoni na kipande cha zulia kwenye sinia. Akaazima kisu cha mkate. Akakata. Ndani kulikuwa na matabaka, kama keki. Juu kahawia ya dhahabu, chini yake kijani, chini yake zambarau, chini kabisa weusi unaonuka yai viza.

Verlie akamwambia, "Kile kisu utakiosha wewe."

Ruthven akacheka, akamweleza. Wote hawa ni bakteria, hawa hawa wanaojenga yale mawe, kila tabaka na watu wake. Wa kijani, wanaokaa karibu na juu, wanakamata mwanga ule tunaouona sisi. Kwa nguvu ya mwanga huo wanapasua maji, wanajitengenezea chakula, na kinachobaki wanakitoa nje. Hicho kinachobaki ndiyo hewa safi tunayovuta. Ndivyo vile vipovu. Wakati dunia haina mti wala jani, viumbe wa namna hii ndio walioijaza hewa tunayoivuta.

"Na hawa wa zambarau?" Verlie akauliza.

"Nao wanakula mwanga."

"Mwanga gani? Wako chini ya wenzao. Huko ni giza."

"Kwako wewe ni giza. Kuna mwanga jicho lako haliuoni. Wa kijani hawauhitaji, wanauacha upite. Hawa wa chini wanaudaka. Tena wao hawapasui maji. Wanatumia ile harufu ya yai viza."

"Unanidanganya, Dakta."

"Nithibitishie kwamba nakudanganya."

Hakujua anazungumza na nani. Verlie alienda duka la dawa, akaomba mikanda ya picha iliyoungua kwa mwanga, ile myeusi ambayo hakuna kitu juu yake. Akachukua chupa mbili za jemu, akaweka ndani yake tope na vipande vilivyobaki kwenye sinia, maji ya ghuba mpaka juu, akafunga. Chupa ya kwanza akaizungushia karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Ya pili akaizungushia mikanda ile ya picha, mara mbili, mpaka ikawa nyeusi tititi. Akaziweka dirishani juu ya sinki. Wiki saba.

Alipozifungua, chupa ya aluminiamu ilikuwa tope tupu. Mwanga haukuingia, wote walikuwa wamekwisha. Chupa ya mikanda, kijani kilikuwa kimefifia, lakini zambarau ilikuwa imepanda kwenye kioo chote kama divai iliyomwagika. Kwa macho yetu mikanda ile ni giza. Ule mwanga mwingine unapita humo bila shida.

Aliniambia, "Laurie, nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nyama iliungua. Nilijiona nimekuwa kipofu maisha yangu yote na hakuna aliyeniambia."

Kambi ilipofungwa, akawa mtembeza wageni kwenye lile daraja la mbao linaloingia ghubani. Miaka kumi na moja. Wengi wenu mlipelekwa pale na shule. Mnakumbuka alivyoeleza? Ile shedi ya manyoya ilipoungua, alisema, watu walijipanga mstari, ndoo ikatoka mkono hadi mkono mpaka motoni. Basi ndani ya kidudu kimoja kuna mamia ya punje za rangi, zimejipanga hivyo hivyo. Mwanga ukigonga moja, inampasia jirani, jirani anampasia jirani, haraka kuliko kupepesa jicho, mpaka kwenye mlango mmoja. Pale mlangoni mwanga unageuzwa kazi. Unasukuma vitu vidogo upande mmoja wa ukuta, vinarundikana, vinataka kurudi. Njia ya kurudi ni moja tu, kupitia kwenye gurudumu. Vikipita, gurudumu linazunguka. Likizunguka, kidudu kinapata nguvu ya kuishi.

Mgeni mmoja alimuuliza, "Sasa mama, yanafanya nini haya mawe, mbona yamekaa tu?"

Akamjibu, "Na wewe umekaa tu, na hewa unayovuta ni ya kazi yao. Vuta taratibu."

Aliwaonyesha pia zile alama za magurudumu. Mikokoteni ya manyoya ilipita juu ya zulia zama za babu zetu, mara chache tu, na alama zinaonekana mpaka leo. Zulia linakua chini ya nusu milimita kwa mwaka. Chini ya nusu milimita. Hiyo ndiyo hesabu alitaka tuikariri.

Hatukuikariri.

Miaka minne iliyopita, kampuni moja ilikuja kutaka kuchimba jasi na kuisafirisha kwa matishari. Ilitaka gati. Ilitaka mfereji ukatwe kwenye ule mchanga unaoziba mdomo wa ghuba, na barabara ya mita mia tatu juu ya zulia. Ikaahidi kazi. Mkutano ukaitishwa ukumbini, Februari, joto la kuchemsha ubongo. Mwenyekiti wa halmashauri, Neville Strake, akaendesha. Mhandisi wa kampuni alipewa dakika arobaini na picha za rangi. Mwananchi alipewa dakika tatu.

Shangazi Verlie alikuja na chupa yake ya jemu, zambarau mpaka mdomoni. Akaiweka mezani.

Neville akasema, "Verlie, ondoa achari yako mezani, hapa si maonyesho ya mapishi."

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka. Nalisema hapa hewani kwa sababu nimelilalia miaka minne: mimi, Laurie Penhale, nilicheka.

Hakuondoa chupa. Alisimama mpaka tukanyamaza, na hapo dakika moja ilikuwa imeshakwenda. Akasema, "Mkichimba, maji yatakuwa tope. Maji yakiwa tope, mwanga hautafika. Mwanga usipofika, hawatakula. Wasipokula, watakufa. Na mkikata ule mchanga, chumvi kali inayowakinga itapungua, konokono wa baharini wataingia, watawatafuna hata watakaobaki. Sina namna rahisi zaidi ya kulisema."

Mhandisi akauliza kama mama huyu ana shahada. Neville akasema, "Alikuwa mpishi kambini." Basi. Hivyo tu. Miaka sitini ya kutazama, na jibu lilikuwa, alikuwa mpishi.

Kisha Neville akasoma barua. Barua ya Dakta Ruthven. Ilisema athari zinatarajiwa kuwa ndogo na za muda. Ilikuwa na sahihi yake. Baadaye tulijua kwamba kampuni ile ile ilikuwa imempatia hadubini mpya kwa ajili ya maabara yake.

Usiku ule ule Verlie hakulala, asubuhi akampigia Ruthven. Binti yake, Corinne, alikuwepo, na ameniruhusu niyaseme haya.

Ruthven alisema, "Verlie, ni jambo gumu kulieleza."

Akamwambia, "Nikusaidie kulieleza basi. Umeogopa. Nimekulisha miaka kumi na tisa, najua ukila na ukiogopa."

Akakata simu. Hawakuongea tena. Ruthven jana aliniomba nisome salamu zake za rambirambi. Sizisomi. Azilete mwenyewe, njia anaijua.

Turudi ukumbini, maana kura ilipigwa pale pale. Mikono juu. Waliokataa walikuwa tisa. Waliokubali walikuwa themanini na sita. Mkono wangu ulikuwa kwenye themanini na sita. Mwanangu hakuwa na kazi, kampuni ilikuwa inaajiri madereva. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake nzuri. Themanini na sita kwa tisa, wasikilizaji wapendwa. Hao themanini na sita hawakutoka mwezini.

Siku mashine zilipofika, nusu ya mji ilikwenda kutazama. Polisi walikuja wawili. Kila mtu alikuwa anamsubiri Verlie alale mbele ya tingatinga. Wengine walileta viti. Alikuja, akatembea kwenye daraja la mbao mpaka mwisho, akasimama. Hakushuka.

Kijana mmoja akamwita, "Shangazi, vipi, leo hulali? Tumekuja kukutazama."

Akageuka. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini upepo ulikuwa umekatika, tulisikia. "Nikishuka nilale pale, nami nitakuwa nimewakanyaga."

Kisha akatazama kijiko cha mashine kinazama kwenye zulia. Kilipoinuka, ule mkato ulionekana vizuri. Dhahabu, kijani, zambarau, nyeusi. Ulikuwa mkato mzuri sana. Dereva alipunguza ngurumo ya mashine, akatazama naye, kisha akaendelea.

Tangu siku hiyo, Shangazi Verlie alikwenda kila asubuhi na sahani nyeupe ya chakula iliyofungwa kamba. Anaitelemsha majini kutoka mwisho wa daraja, anaona inapotelea wapi. Kabla ya mfereji, sahani ilionekana mpaka inagusa chini. Mwezi wa pili wa uchimbaji, ilipotea kwa urefu wa mkono. Mwezi wa tano, kwa urefu wa kiganja. Kwa zaidi ya mwaka, kila wiki aliandika barua kwa halmashauri. Barua sitini. Corinne ana nakala zote. Jibu, hakuna. Hakuna hata moja, hata la kusema tumepokea.

Na kila alichosema ukumbini kikatokea, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ule ule. Vipovu vilikoma. Kijani kikawa kijivu. Zulia likaanza kubanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta mkongwe. Konokono wakaja. Uvundo ukaingia mjini, mkafunga madirisha, mkanipigia simu hapa redioni mnalalamika. Mnakumbuka? Mama mmoja aliniambia, "Laurie, nani anahusika na harufu hii?" Nilimjibu kwamba tutafuatilia.

Gati lilifanya kazi miezi kumi na minne. Bei ya jasi ikaanguka, kampuni ikafunga ofisi yake, madereva wakapewa barua, mwanangu akiwa miongoni mwao. Limebaki gati tupu lenye kutu na mita mia tatu za udongo mgumu. Ruthven alituma watu kuja kupima. Wakaandika ripoti nzuri yenye kurasa nyingi. Imethibitisha kwamba mwanga ulikuwa haufiki.

Verlie alianza kudhoofika mwaka jana. Cheti kinasema moyo. Mimi si daktari, sitabishana na cheti. Nilikwenda kumwona wiki mbili kabla hajafa, nimebeba maneno yangu ya kuomba radhi, niliyatayarisha kwenye gari. Nikaanza, "Shangazi, siku ile ukumbini..."

Akanikata. "Najua ulikuwa wapi. Nilikuwa nakutazama. Ulikaa safu ya tatu, ukacheka na mdomo umejaa biskuti."

"Naomba unisamehe."

"Usinitie kazi nyingine, Laurie, nimechoka. Weka birika."

Nikaweka birika. Tukanywa chai. Hakusema amenisamehe. Hakusema. Watu wengi kwenye mazishi walikuwa wanasema Shangazi alikuwa mtu wa kusamehe, alikuwa mpole, hakuwa na kinyongo. Ni uongo. Alikasirika miaka minne mfululizo, na alikuwa na haki ya kila siku moja ya hiyo miaka minne. Msimgeuze bibi mpole sasa kwa kuwa hawezi kuwajibu.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Jumatatu hii, Verlie akiwa bado hajazikwa, Neville Strake alimpelekea Corinne barua ya halmashauri. Ina nembo, ina pole, ina maneno ya heshima. Wanaomba ruhusa ya familia wabandike jina la mama yake. Wapi? Kwenye gati. Gati lile lile. Gati la Verlie Kinnear, na kibao cha shaba, na utepe wa kukata.

Barua sitini hakujibiwa, na alipokufa wakapata muda wa kuandika.

Corinne alinionyesha barua hiyo jikoni kwake, juzi, mara tu baada ya mazishi. Nilimuuliza atajibu nini. Ameshajibu. Alimpigia Neville mbele yangu. Alisema, "Mama yangu si rangi ya kupaka juu ya kutu yenu. Libomoeni kwanza. Zibeni mfereji. Kisha mje tuzungumze habari ya majina."

Neville akasema anaelewa kwamba ni wakati mgumu kwake.

Corinne akasema, "Si kwangu tu, Neville. Ngoja uone utakavyokuwa kwako."

Wasikilizaji wapendwa, Verlie Kinnear amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Ameacha binti mmoja, Corinne, na wajukuu wanne. Kwa niaba ya redio hii, Corinne, pokea pole zetu. Poleni wajukuu. Pole kwa ukoo wote wa pwani hii, ambao hawakuwahi kuhitaji hadubini ili wajue kwamba pale kuna wanaokula. Na kwa wale tisa walioinua mikono kukataa, poleni ninyi pia. Mlikuwa upande wake alipokuwa hai, si leo.

Sisi wengine themanini na sita, nawaomba tusijipe pole. Hatukufiwa kama walivyofiwa wao. Nendeni ghubani leo adhuhuri, maji yatakuwa yamepwa. Acheni magari kwenye lami. Simameni darajani, mtazame ile njia ya kijivu, na kila mmoja ajiulize alipata nini.

Kisha mtazame kaskazini, nyuma ya ile ncha ya mchanga, mahali ambapo tope halikufika. Kuna kipande bado kiko hai. Nilikipima kwa hatua jana asubuhi, nikitembea kwenye mchanga mkavu: hatua mia moja na kumi. Vipovu vipo, nimeviona. Halmashauri inataka kupitisha hapo barabara ya kushushia boti za burudani, na inatafuta maoni ya wananchi.

Mkutano ni Jumatatu ijayo, saa nane mchana. Ukumbi ni ule ule.